Tangi Lililojazwa na Wafiwa

Milioni saba, laki tatu na elfu arobaini. Hiyo ndiyo gharama ya mambo yote, tangu mashine ilipopakiwa Dar es Salaam hadi ilipokuja kulala uani kwangu Kibiti chini ya turubai. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja pungufu kidogo nikafurahi; mara ya pili nikamkumbuka fundi wa Ikwiriri, furaha ikaisha.

Humo ndani milioni mbili si zangu. Ni za dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, fedha ya ufuta wake wa misimu miwili. Alinipa kwa sharti moja: mpunga wake utoke shambani mkavu, bila kumlipa mtu wa boti. Na sharti lenyewe nililitunga mimi. Yeye na boti hawakuwa na ugomvi.

Dada analima ndani ya delta. Barabara ya udongo inakufikisha mahali inapoishia, penye maduka mawili na stoo ya kupangisha. Kutoka hapo ni tope, vijito na mikoko, saa moja na nusu kwa mguu, ndipo unakuta kijiji, na mashamba ya mpunga nyuma yake. Wakati wa mavuno huhamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, aulinde mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na majirani. Mpunga ukishapurwa hutiwa magunia, hupangwa kwenye uwanja wa kupuria na kusubiri boti. Na boti ina masharti ya mwezi. Maji mafu hayafiki juu kijitoni, kwa hiyo boti hukaa matopeni kama kobe. Maji ya bamvua yakija hupanda hadi uwanjani na kulowesha kila kilicho chini. Katikati ya hayo mawili kuna siku mbili tatu za kupakia. Mwenye boti anazijua, nawe unazijua, naye anajua kwamba unazijua. Ndiyo maana bei yake ilikuwa gunia moja katika kila sita.

Mimi bei ya kwanza huwa siipokei hata ya chumvi. Hiyo ya boti iliniuma kuliko zote kwa sababu ya mtozaji. Mwenye boti ni mtani wangu. Ukoo wake na wetu wanataniana tangu kwa mababu, na mtani akikutoza gunia haishii hapo, anakucheka nalo.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshatufikia hata sie wa kusini mwa mto. Kila kilichochokwa ughaibuni kilishushwa bandarini: majokofu, magodoro, magari yenye maandishi asiyoweza kuyasoma mtu. Katika yadi moja ya Dar es Salaam nikaiona. Pikipiki ya matairi manne, pana kama kitanda, yenye winchi mbele na tela nyuma.

"Hii inavuta matairi yote manne, mzee," muuzaji akaniambia. "Tope la kiunoni inapita. Halafu haina kabureta. Petroli inapulizwa na sindano, kompyuta ndogo inapima kila tone."

"Ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Nimekuuliza ikiharibika."

"Nami nimekujibu haiharibiki."

Alianza na milioni tano na laki sita. Nikavuta, nikaondoka, nikaitwa, nikakataa chai, nikakubali chai, tukamalizana kwa milioni nne na laki tisa. Nilitoka pale nikijiona bingwa. Nilipofika Kibiti ndipo nikakumbuka kwamba yule bwana aliteremsha laki saba bila hata kujikuna. Mtu anayeumia hujikuna. Yaliyobaki katika ile hesabu ya juu yaliliwa na ushuru, wakala wa kutoa mzigo, lori la kuileta, vipuri na mafundi. Sitayachambua hapa, yananipandisha presha.

Sitaidhulumu mashine. Siku ya kwanza ilifanya kazi ambayo sijawahi kuona kitu kikifanya katika tope lile. Nilikwenda wakati wa maji mafu, boti zote zimelala ubavu. Nilibeba petroli yangu kutoka sheli ya Kibiti kwenye dumu jipya, nikaichuja kwa kitambaa cheupe, na mara ya pili kwa kingine cheupe zaidi. Ikazama hadi tumboni, ikanguruma kidogo, ikatoka. Wanawake waliokuwa wakivuka kijito wakasimama.

"Jamani, trekta limezaa lini?" mmoja akauliza.

"Limezaa njiti," akajibiwa, "ndiyo maana hodari."

Dada alikuwa na magunia thelathini. Tela linachukua matano. Siku hiyo nilikwenda safari mbili, nikafikisha kumi stooni, makavu kama biskuti. Safari ya pili alipanda juu ya magunia mwenyewe, ushungi umefungwa kidevuni, akawa anacheka kila tulipozama. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu afiwe na mumewe. Nikapiga hesabu: yamebaki ishirini, safari nne, siku mbili. Bamvua lilikuwa siku tano mbele. Nikahesabu tena, jibu likawa lile lile. Nikajisikia tajiri wa siku.

Mtani alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti yake iliyokwama, akitafuna muwa.

"Mtani! Hicho kitanda chako kinakula nini?"

"Petroli safi ya sheli. Si hayo maji ya mboga mnayonywesha mashine zenu."

"Haya. Mtoto wa kukaa na birika ya maziwa mwache kwao mjini. Huku atapewa uji tu."

Kesho yake asubuhi gari likaleta maiti pale barabara inapoishia. Alikuwa bibi wa kijijini kwao mtani, kile kile chenye mashamba ya dada, amefia hospitali. Alitakiwa azikwe siku ile ile, na njia ya maji ilikuwa imekufa. Kumbeba kwa machela katika tope lile ni kazi ya watu ishirini, nao walikuwa tisa, wanne kati yao wazee. Mtani akanijia moja kwa moja. Kwenye msiba mtani ana haki zake: atatukana, atadai, atachukua kilicho chako, na ukinuna umejidhalilisha wewe. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, akatoa ufunguo.

"Leo si yako hii. Leo ni ya marehemu. Wewe ni utingo."

"Nipe ufunguo, nitaendesha mwenyewe."

"Haya utingo, endesha," akasema, akanirudishia ufunguo.

Nani anakataa maiti? Sikukataa, wala sijutii. Tuliliweka jeneza la bibi kwenye tela juu ya mikeka, wanaume wanatembea pande zote mbili wamelishika lisiyumbe, nami naendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha chochote. Kabla ya alasiri alikuwa amezikwa. Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye mvi, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Siku ile mashine ilikuwa na thamani yake yote, hadi senti ya mwisho.

Ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kule kwao chombo kilichoazimwa kwa msiba hakirudi kitupu. Ukiazima sufuria, unairudisha na chakula. Ukiazima ungo, unaurudisha na mchele hata wa kiganja. Mimi nilikuwa mkekani nala ubwabwa wa matanga, namaliza sahani ya pili, nikasikia chupa zikigongana. Nikainua macho. Nyumba hadi nyumba watu wanatoka na chupa. Chupa ya soda, chupa ya maji, chupa ya dawa ya kikohozi, kibuyu kimoja. Wamejipanga mstari kama wa kuchota maji, na mbele yao mtani wangu ameshika faneli, tangi la mashine liko wazi.

"Mtani, unafanya nini?"

"Tulia, kula. Mwenyewe umesema inakula petroli."

"Petroli gani hiyo?"

"Petroli. Au zipo kabila kabila?"

Zipo. Kijiji kile kila mwenye petroli ameiweka kwa ajili ya boti, na petroli ya boti zile huchanganywa na oili tangu dukani, inauzwa ikiwa tayari ina rangi ya chai. Wengine, ili ifike mwezi ujao, huiongeza mafuta ya taa. Wengine huiacha kwenye dumu lililopasuka mdomo tangu masika, mvua nayo ikatia mchango wake. Haya yote nilikuwa nayajua. Nimezaliwa maili chache kutoka pale. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, nikasema kwa adabu: wazee wangu, Mungu awalipe, lakini hii mashine ina maradhi yake, naomba mnipe dua tu.

Sikusema. Nitakwambia kwa nini, na usinicheke. Nilitazama ule mstari, nikahesabu chupa, nikapata lita kumi na moja. Nikahesabu tena, lita kumi na moja. Za bure. Mtu kama mimi, niliyeshindana na muuza ndizi kwa shilingi hamsini, mdomo wangu haujui neno la kukataa cha bure. Nikarudi kwenye ubwabwa.

Asubuhi yake niliwasha, ikawaka, ikatoa moshi mweupe uliofunika kibanda kizima cha jirani. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye umbo la injini, ambayo sikuwahi kuiona. Nikajiambia ni baridi. Nikavuka kijito cha kwanza na tela tupu. Kwenye cha pili ikakohoa mara tatu, kama mzee anayetaka kuanza hotuba, ikanyamaza. Kimya kile nakikumbuka. Nilisikia kaa wakitembea.

Kutoka hapo hadi dunguni kwa dada ni kama hatua mia tatu. Alikuwa juu, ameshika nguzo, ananitazama. Nikatazama chini.

Nikatuma mtu wa bodaboda Ikwiriri kumleta fundi anayesifiwa kwa pikipiki barabara nzima. Alifika kesho yake adhuhuri, viatu vimening'inia shingoni, suruali imekunjwa hadi mapajani, na bei ya matembezi imeshapandishwa njiani. Akafungua kiti. Akafungua pembeni. Akalala chini kwenye tope, akatoka, akazunguka upande wa pili.

"Mzee, kabureta umeiweka wapi?"

"Haina."

"Haiwezi kukosa. Hata jenereta inayo."

"Hii inapuliza kwa sindano. Ina kompyuta."

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mgonjwa wa homa anayesema na ukuta. Akaitafuta kabureta saa nzima. Kisha akanawa mikono kijitoni, akanivuta pembeni, akanong'ona:

"Mzee wangu, umeibiwa. Wameing'oa nzima nzima. Usiseme kwa sauti, mwizi pengine yupo hapa hapa."

Mtani, ambaye alikuwa amekuja kutazama kama wanakijiji wote, alisikia. Akakaa chini kabisa kwenye tope ili acheke vizuri.

"Mtafute yule aliyekuuzia!" akasema. "Mwizi ndiye yule!"

Fundi nilimlipa elfu sabini kwa kunijulisha kwamba nimeibiwa kitu ambacho hakikuwapo.

Muda ule maji yalikuwa yameanza kurudi. Mchana ule boti zilielea. Ilibaki siku moja na kitu, na magunia ishirini yalikuwa uwanjani, ambapo ukichimba kwa kidole unakuta unyevu. Dada akashuka dunguni. Hakuja kwangu. Alipita ubavuni mwangu kama anapita mti, akaenda kwa mwenye boti.

"Shemeji," akamwambia, maana marehemu mumewe alikuwa ndugu yao kwa mbali, "nichukulie mpunga wangu. Bei ile ile, moja kwa sita."

Mtani akaacha kucheka. Akajikuna, na safari hii ilikuwa ya kweli.

"Dada yangu, boti ipo. Maji yapo. Petroli hakuna. Kijiji kizima hakina hata ya kuwashia karabai. Yote imo ndani ya tumbo la kitanda cha mdogo wako."

Watu wote wakageuka kulitazama tangi. Hata fundi, ambaye alikuwa anavaa viatu, akageuka.

Nikaleta mpira. Nikauvuta kwa mdomo mwenyewe, hakuna aliyejitolea. Ningepewa glasi leo ningeweza kukutajia kwa ulimi: oili, mafuta ya taa, na kwa nyuma kabisa ladha ya kijito. Ile petroli yangu ya sheli niliyoichuja mara mbili ilikuwa humo humo, imeharibiwa na marafiki. Dumu likajaa. Nikalifunga, nikakaa juu yake. Tabia haiachi mtu hata matopeni.

"Sasa mtani, tuongee. Mafuta natoa mimi. Kwa hiyo moja kwa sita haipo tena. Moja kwa kumi."

"Mafuta anatoa nani?"

"Si nimetoa tangini kwangu?"

"Humo chupa tatu zangu. Ile ya soda ya shangazi. Kile kibuyu cha mtoto wa marehemu, aliyemzika mama yake juzi. Unafanya mnada wa sadaka, mtani? Semeni jamani, nani mwingine amesikia? Mtu anauza matanga!"

Walicheka wote, wafiwa pamoja nao. Dada peke yake hakucheka. Alisema tu, bila kuniangalia, "Mpeni mwenye boti anachotaka, maji yanakuja." Tukafunga kwa magunia matatu kwa mzigo wowote utakaoingia. Yaliingia kumi na saba, boti ikashuka hadi inchi mbili juu ya maji. Mtani akamimina ile petroli, akavuta kamba mara moja, mara ya pili, injini ikanguruma kama mtoto aliyepewa ziwa. Kile kilichoua mashine ya milioni na kompyuta yake ndicho kilichosukuma boti ya mbao iliyozibwa kwa sufi, bila kukohoa.

Matatu yaliyobaki yalisubiri safari ya pili. Maji ya bamvua yaliyawahi.

Sasa tuhesabu. Thelathini, toa matatu ya boti, toa matatu yaliyolowa: dada ameuza ishirini na manne. Kama ningekaa Kibiti nikanyamaza, akalipa boti moja kwa sita kama kila mwaka, angetoa matano akabaki na ishirini na matano. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko mbili. Milioni saba na ushee zimempunguzia dada yangu gunia moja.

Mashine ilitoka kijitoni maji yalipopungua, kwa kuburutwa na watu kumi na mmoja walionidai chakula tu. Ikafikishwa Kibiti juu ya lori. Fundi wa pili alisema betri. Wa tatu, kijana mtulivu aliyewahi kufanya kazi na magari mapya, aliifungua pampu ya mafuta akamwaga kikombe cha maji machafu, akaisafisha ile nozeli inayopuliza petroli, akashindwa, akaagiza nyingine pamoja na pampu. Ilipowashwa ikanguruma kama siku ya kwanza. Taa ya manjano ikazimika. "Mzee, haina tatizo," akaniambia. "Ipe petroli safi tu, usimruhusu mtu aijaze."

Usimruhusu mtu. Anasema kirahisi.

Dada alikuja wiki ile ile. Aliteremka kwenye gari na gunia moja kati ya yale matatu, akaliweka uani karibu na turubai, akalifungua. Mpunga ulikuwa umechipua, kijani, mzuri kuutazama. Nikaanza kumwambia habari za ile milioni mbili, kwamba tukubaliane kulipana kidogo kidogo.

"Hela yangu iache kwanza," akasema. "Nina neno moja. Mashine nimeiona, inabeba. Msimu ujao nataka ibebe yote thelathini. Lakini uwe umejifunza kumwambia mtu hapana, hata mara moja. Ukiweza, tunaendelea. Ukishindwa, iuze, unipe changu."

Nikamwambia ninaweza. Akalitazama lile gunia, akaniaga.

Juzi mtani kapita hapa dukani kwangu na salamu za kijiji. Arobaini ya bibi inakaribia. Mchele, maturubai na sufuria za khitma zitafika barabarani, na siku zilizochaguliwa zimeangukia maji mafu. Wanaomba mashine kwa heshima zote. Wamesikitika sana kusikia kwamba safari ile ilirudi nyumbani tangi tupu, tena baada ya msiba. Wazee wameliona kuwa ni aibu ya kijiji. Kwa hiyo wamekwisha kuanza kukusanya. Kila nyumba sasa ni chupa mbili.

"Na mtoto wa marehemu," akaongeza mtani, bila kucheka hata kidogo, "ametoa dumu zima. Ameuza mbuzi."

Nilimpa maji ya kunywa, nikamwambia nitajibu Ijumaa. Leo ni Jumatano. Kukataa msiba siwezi; nitakwenda, nitabeba, kwa petroli yangu. Ila lile dumu la mbuzi. Wewe unayesoma, kama umewahi kurudisha sadaka ya mfiwa mikononi mwake akabaki ndugu yako, naomba unifundishe maneno uliyotumia. Nitayakariri. Kwa kawaida ushauri huwa nauomba punguzo, lakini huu nitaupokea kwa bei utakayotaja.